Yoga: Mwili wa nyama, mwili wa pumzi na safari ya roho

KILA mwaka ifikapo Juni 21, watu wa rika zote hukusanyika katika viwanja na kumbi za miji mingi duniani, Nairobi ikiwemo, wakatandika mikeka, wakajinyoosha na kuvuta pumzi kwa pamoja. Siku hiyo ya Kimataifa ya Yoga ilitengwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mnamo Desemba 2014 kufuatia pendekezo la India, na ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2015.

Mpita njia anayeshuhudia shughuli hiyo aghalabu huwa na rai moja kati ya mbili. Ama atasema hayo ni mazoezi ya viungo tu, sawa na kukimbia alfajiri au kuruka kamba, au atadai hiyo ni ibada ya dini ngeni iliyovishwa mavazi ya michezo. Mjadala huu si wa mzaha. Muumini anayeambiwa na daktari ajaribu yoga kwa maumivu ya mgongo, kisha akaambiwa na kiongozi wake wa dini kwamba anachezea pepo, hubaki njia panda.

Pande zote mbili, kwa maoni yangu, huruka swali la kwanza: wenyewe wenye yoga wanauonaje mwili? Jibu lao huwashangaza wengi. Wanasema kwamba binadamu ana mwili wa nyama na mifupa, na ndani yake mna mwili mwingine wa pumzi na nguvu ya uhai. Ule wa kwanza hunyooshwa, hukunjwa na kufungwa kwa ajili ya ule wa pili. Ukiuondoa huo wa pili, mengi yanayofanywa kwenye mkeka hayana maelezo.

Pumzi, roho na kawi

Neno la Kisanskriti linalobeba dhana hiyo ni prana. Tafsiri yake ni kizungumkuti. Waandishi wengi huandika "nishati" au, kwa mazoea yetu ya Kenya, "kawi", na papo hapo msomaji hufikiria umeme, petroli na bili ya mwisho wa mwezi. Katika dawati la uhariri nimekuwa nikilifuta neno hilo kila linapotokea katika muktadha huu, kwani prana si kitu cha kupimwa kwa mita. Kiswahili chenyewe kina hazina iliyo karibu zaidi. Tunasema mtu amekata roho tukimaanisha kwamba pumzi imemwisha. Mwenye wasiwasi hukaa roho juu. Anayetua mzigo hupumzika, na ndani ya kitenzi hicho mna pumzi. Hata "nafsi" tuliyoipata kwa Waarabu inatokana na mzizi mmoja na neno lao la pumzi. Msomaji anayeyajua haya tayari amekaribia kuelewa kile Wahindi wa kale walichokiita prana: si hewa yenyewe, bali ule uhai unaopanda hewa kama msafiri anavyopanda chombo.

Taittiriya Upanishad, mojawapo ya maandiko ya kale ya Kihindu lililotungwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, inamweleza binadamu kama tabaka tano zilizo moja ndani ya nyingine. La nje ni mwili wa chakula, kwa kuwa umetokana na chakula na utarudi kuwa chakula. Ndani yake mna mwili wa pumzi, ulioujaza ule wa kwanza na kuchukua umbo lile lile la mtu. Halafu huja tabaka la akili, la utambuzi, na mwisho la furaha kuu. Zingatia kwamba mwili wa pumzi ndio jirani wa kwanza wa mwili huu tunaoulisha ugali. Ndiyo maana waliofuata walifikiri kwamba atakaye kuingia ndani hana budi kupitia mlango huo.

Pumzi yenyewe waliigawa mara tano kulingana na kazi: iingiayo na kukaa kifuani, ishukayo na kutoa taka, isagayo chakula tumboni, isambaayo mwilini kote, na ipandayo kooni. Kazi ya yogi, yaani mfuasi wa njia hii, ni kuzifanya pumzi zinazovutana juu na chini zikutane mahali pamoja.

Si wote walioupenda mwili

Ni kosa kudhani kwamba yoga daima iliuenzi mwili. Yogasutra ya Patanjali, mkusanyiko wa kauli fupi zipatazo 195 ulioandikwa karibu na karne ya 4 au ya 5 baada ya Kristo, unahusu akili zaidi ya jambo lingine lolote. Mkao wa mwili umetengewa kauli tatu tu, na sharti lake ni kwamba uwe imara na wa starehe, ili mtu asisumbuliwe na magoti wakati wa kutafakari. Zaidi ya hayo, Patanjali anafundisha kwamba anayejitakasa huishia kuuchukia mwili wake mwenyewe na kuepuka kuguswa na miili ya wengine. Mtu wa leo anayeingia katika ukumbi wa yoga wenye vioo kila ukuta angeshtuka kuambiwa hivyo.

Mapinduzi yalikuja baadaye, kupitia mkondo uitwao hatha, neno linalomaanisha nguvu au kulazimisha. Kitabu cha kwanza kinachojulikana kufundisha mbinu zake za msingi ni Amritasiddhi cha karne ya 11, na watafiti akiwemo James Mallinson wa Uingereza wameonyesha kwamba kilitoka miongoni mwa Wabudha, si Wahindu. Humo mna picha ya mwili inayostahili kuelezwa kwa kirefu, kwa maana ndiyo ufunguo wa mengi.

Kichwani, kinasema kitabu hicho, mna mwezi. Mwezi huo hudondosha maji ya uhai tone baada ya tone kupitia mfereji wa katikati ya mwili. Chini, tumboni, mna jua, ambalo ni moto. Kila tone linaloanguka huliwa na moto huo. Mtu huzeeka na kufa kwa sababu akiba yake inadondoka usiku na mchana na hakuna anayeizuia. Kuokoka basi si jambo la kungojewa baada ya kaburi. Ni kazi ya kuziba tundu linalovuja, na kazi hiyo hufanywa kwa misuli, kwa koo, kwa tumbo na kwa pumzi.

Hapo ndipo mkao wa kugeuza miguu juu na kichwa chini unapopata maana. Katika Hathapradipika, kitabu kilichoandikwa na Svatmarama katika karne ya 15, mkao huo unaelezwa kuwa mbinu ya kuweka jua juu na mwezi chini, ili tone lisipate pa kuangukia. Mwanafunzi aufanye kwa muda mfupi sana siku ya kwanza, kisha aongeze kidogo kidogo. Leo mkao unaofanana na huo hufundishwa kwa ajili ya mzunguko wa damu au wepesi wa shingo. Svatmarama hakuwa na habari na hayo. Yeye alikuwa akipambana na kifo.

Kitabu kingine, Gheranda Samhita cha takriban mwaka wa 1700, kinaufananisha mwili na chungu kibichi. Mfinyanzi yeyote anajua kwamba chungu ambacho hakijachomwa kikitiwa maji hulegea na kubomoka. Vivyo hivyo, mwili ambao haujapitia moto wa yoga hauwezi kuhimili kile kinachotarajiwa kumiminwa ndani yake. Mazoezi ya kusafisha matumbo na pua, mikao 32, mifungo ya misuli na ya pumzi, yote ni tanuri. Kwa hiyo ukakamavu wa viungo haukuwa shabaha. Ulikuwa maandalizi ya chombo.

Mifereji na nyoka aliyelala

Ndani ya chombo hicho, vitabu vinataja mifereji iitwayo nadi ambamo prana hupita. Hathapradipika inasema iko 72,000. Shiva Samhita inataja 350,000. Mifereji mitatu ndiyo muhimu: ida upande wa kushoto, unaohusishwa na mwezi, pingala upande wa kulia, wa jua, na sushumna katikati, sambamba na uti wa mgongo. Kwa mtu wa kawaida, pumzi hupishana katika ile miwili ya kando, na akili yake hupishana nayo: tamaa leo, hofu kesho. Mfereji wa katikati umefungwa. Kwenye mlango wake amejiviringisha nyoka wa kike, Kundalini, akiwa usingizini.

Lengo la kuzuia pumzi, kubana koo na kuvuta tumbo ndani ni kumwamsha nyoka huyo, mlango ufunguke na prana iingie katikati. Fundisho linaloshikilia jengo hili lote ni moja, nalo Svatmarama analiweka wazi: pumzi ikitikisika, akili hutikisika, pumzi ikitulia, akili hutulia. Anayeshindwa kuikamata akili moja kwa moja, na ni nani kati yetu awezaye, aishike pumzi, ambayo angalau inashikika. Prana ikifika utosini, fikra huyeyuka kama chumvi ndani ya maji, na nafsi haijioni tena kuwa kitu mbali na asili yake. Hali hiyo ndiyo iitwayo samadhi. Patanjali aliitafuta kupitia nidhamu ya akili. Watu wa hatha wakaitafuta kupitia nyama na pumzi.

Njiani kuelekea utosini kuna vituo, chakra, na hapa ndipo biashara ya kisasa imevuruga mambo zaidi. Msomaji akitembelea duka lolote la mafuta ya manukato na mawe ya rangi atakuta mchoro wa chakra saba zenye rangi za upinde wa mvua, kila moja ikipewa hisia yake, tezi yake na hata jiwe lake. Mchoro huo huuzwa kama hekima ya maelfu ya miaka. Sivyo. Maandiko ya kale hayakubaliani hata juu ya idadi: Hevajra Tantra ya Wabudha ina nne, mengine yana tano, sita, tisa au kumi na mbili. Orodha ya sita pamoja na ile ya utosini ilienea sana kwa sababu ya kitabu cha Purnananda cha mwaka wa 1577, ambacho John Woodroffe, jaji wa Mahakama Kuu ya Calcutta aliyetumia jina la Arthur Avalon, alikitafsiri kwa Kiingereza na kukichapisha mwaka wa 1919. Rangi za upinde wa mvua ziliongezwa na watu wa Magharibi katika karne ya 20.

Je, chakra hizo zilikuwa nini kwa wenyewe? Chukua zile sita za Purnananda na uhesabu petali za maua yake: 4, 6, 10, 12, 16 na 2. Jumla ni 50, idadi ya herufi za Kisanskriti kwa hesabu yao. Kila petali ina herufi yake. Kwa maneno mengine, mchoro ule ni ramani ya sauti takatifu zinazopandwa mwilini kwa fikra na mantra. Yogi hakuambiwa azione chakra kama daktari aonavyo figo. Aliambiwa azijenge kwa kutafakari mpaka ziwe hai kwake. Hilo ndilo watu wengi hawalielewi, wawe wenye kuziamini au wenye kuzicheka.

Kisu kando ya mto Ganges

Yupo mtu mmoja aliyejaribu kulimaliza suala hili kwa kisu. Dayananda Saraswati, mzaliwa wa Gujarat mwaka wa 1824, alikuwa mtawa kijana aliyezunguka India akibeba vitabu vya yoga vilivyoeleza mifereji na vituo hivyo. Katika simulizi ya maisha yake anaeleza kwamba katikati ya miaka ya 1850 aliona maiti ikielea katika mto Ganges. Akaingia majini, akaivuta ukingoni, akaipasua. Akautoa moyo na kuuchunguza, kisha akalinganisha kichwa na shingo na maelezo ya vitabu. Hakuona hata chembe ya ulinganifu. Akavichana vitabu vyake na kuvitupa mtoni pamoja na maiti.

Mtu huyo ndiye aliyeanzisha Arya Samaj mjini Bombay mwaka wa 1875, vuguvugu la Kihindu lililofika Nairobi mwaka wa 1903 na ambalo jina lake wakazi wa jiji wanalijua kupitia shule za Arya. Ajabu ni kwamba hakuitupa yoga. Alivitupa vitabu vya hatha, akabaki na Upanishad na Patanjali, na katika sala ya asubuhi na jioni aliyowaagiza wafuasi wake, sandhya, muumini huvigusa viungo vyake kimoja kimoja akiviombea, kisha hudhibiti pumzi. Mwili na pumzi vilibaki hata pale nyoka na maua yalipotupwa. Waarya wa Nairobi huisali sala hiyo hadi leo.

Nadhani Dayananda aliuliza swali la haki mahali pasipofaa. Maiti haina pumzi, na ramani ya pumzi haisomeki ndani ya maiti. Lakini alikuwa sahihi kuhusu jambo moja ambalo waalimu kadhaa wa leo hulikwepa: anayesema kwamba nadi ni mishipa ya damu na chakra ni tezi anatoa dai linaloweza kupimwa, na likipimwa halisimami.

Kilichopimika

Vipimo vya kisayansi vimefanywa tangu Swami Kuvalayananda alipofungua kituo cha Kaivalyadhama huko Lonavla, India, mwaka wa 1924, na kuwaweka wayogi mbele ya mashine za eksirei. Nadi hazikuonekana. Yaliyoonekana ni mengine. Ile hali ya pumzi kupishana kati ya tundu la kulia na la kushoto la pua, ambayo wayogi waliijengea nadharia ya jua na mwezi, ipo kweli. Daktari Mjerumani Richard Kayser aliieleza mwaka wa 1895, na chanzo chake ni tishu za ndani ya pua kuvimba na kunywea kwa zamu.

Utafiti ninaoupenda zaidi ulichapishwa katika jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, Desemba 2001. Luciano Bernardi wa Pavia, Italia, na wenzake waliwapima watu wazima 23 wenye afya wakisali rozari kwa Kilatini, kisha wakikariri mantra. Ibada zote mbili zilipunguza mwendo wa kupumua hadi karibu mara sita kwa dakika, na katika mwendo huo moyo na shinikizo la damu vilifanya kazi kwa uwiano bora. Mama anayesali rozari katika jumuiya ndogo ya Kikristo na yogi aliye pangoni, kwa kadiri ya mapafu na moyo, wanafanya jambo moja. Wanachokiamini ni tofauti, na mashine haina la kusema juu ya hilo.

Vilevile, hakuna kipimo chochote kinachoruhusu mwalimu wa yoga kumwachisha mgonjwa dawa za kisukari au za shinikizo la damu kwa kisingizio cha "kufungua chakra". Anayefanya hivyo ahepwe.

Misikitini na makanisani

Kuhusu dini, historia ni ndefu kuliko mabishano yetu. Msomi Mwislamu Al-Biruni alitafsiri maandishi ya Patanjali kwa Kiarabu katika karne ya 11. Katika karne ya 16, Muhammad Ghawth wa Gwalior, shehe wa Kisufi, alitunga kwa Kiajemi kitabu cha Bahr al-Hayat, yaani Bahari ya Uhai, akifafanua mbinu za wayogi; palipokuwa na mantra pakawekwa majina ya Mwenyezi Mungu. Nakala yenye picha iliyotengenezwa Allahabad mwaka wa 1602 kwa ajili ya mwanamfalme Salim, aliyekuja kuwa mfalme Jahangir, imehifadhiwa katika maktaba ya Chester Beatty mjini Dublin, nayo ni miongoni mwa michoro ya kale zaidi ya mikao ya yoga.

Kwa upande mwingine, Baraza la Fatwa la Malaysia lilitangaza yoga kuwa haramu kwa Waislamu mnamo Novemba 2008, na siku chache baadaye waziri mkuu wa wakati huo, Abdullah Ahmad Badawi, akafafanua kwamba mazoezi ya mwili bila mantra yangeweza kuendelea. Maulamaa wa Indonesia walitoa uamuzi wenye mwelekeo huo Januari 2009. Vatican nayo, katika waraka wa Oktoba 1989 uliotiwa sahihi na Kadinali Joseph Ratzinger, haikupiga marufuku. Ilionya kwamba joto, utulivu na mwanga ambao mwili huhisi katika mazoezi ya aina hii visichukuliwe kuwa faraja za Roho Mtakatifu.

Onyo hilo naliona la busara kuliko yote, kwa sababu linagusa kiini. Kunyoosha mgongo hakumbadilishi mtu dini. Ila pale mwalimu anapoanza kufundisha kwamba msisimko wa uti wa mgongo ni Kundalini ikipanda, ametoka katika mazoezi na kuingia katika imani, na mwanafunzi ana haki ya kuambiwa hivyo waziwazi kabla ya kulipa ada.

Kuna onyo jingine, na hili linatoka kwa wayogi wenyewe. Hathapradipika inasema pumzi ifugwe polepole kama afugwavyo simba, ndovu au chui, la sivyo humwua mfugaji. Mwenye shinikizo la damu, mwenye maradhi ya moyo au mjamzito hafai kuzuia pumzi kwa muda mrefu, wala mwenye presha ya macho hafai kusimama kwa kichwa. Kitabu hicho hicho kinataka mwanafunzi aimarishe kwanza mkao, apunguze chakula, na awe chini ya mwalimu, ndipo aguse pumzi. Kinaeleza mikao 15 tu. B.K.S. Iyengar alipochapisha kitabu chake maarufu mwaka wa 1966 mikao ilikuwa imefika takriban 200, na sura za pumzi zikawekwa mwishoni kabisa.